Majina ya Maradhi, Majina ya Watu: Historia ya Istilahi za Jinsia na Afya katika Kibera na Kawangware

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi maneno ya Kiswahili yanayohusu jinsia, ngono na matamanio ya mwili yalivyoathiri afya ya wakazi wa mitaa miwili ya Nairobi, yaani Kibera na Kawangware. Hoja yetu ni kwamba sehemu kubwa ya istilahi zinazotumiwa zahanatini ilizaliwa mahali pa kuhukumia, si mahali pa kutibia, na kwamba neno lililoundwa ili kumhukumu mtu halimsaidii mtu huyo kueleza maradhi yake. Ikiwa hivyo ndivyo, basi wanaisimu na watunga kamusi wamo katika historia ya afya ya jiji hili, wapende wasipende.

Uchunguzi huu ulitokana na tukio dogo. Miaka michache iliyopita mwandishi aliombwa asahihishe tafsiri ya maswali ambayo wauguzi wangewauliza wagonjwa huko Kawangware, naye akahudhuria siku ya kuyajaribu. Mama mmoja wa makamo, mfuaji nguo katika nyumba za matajiri, aliulizwa kama amewahi kupata ugonjwa wa zinaa. Alijibu upesi kwamba hajapata. Baadaye yeye mwenyewe alifungua daftari lake la kliniki, na ikaonekana kwamba alikuwa ametibiwa kaswende mara mbili. Alipoulizwa sababu ya jibu lake la kwanza, alisema, "Mwalimu, mimi sijazini. Nina mume mmoja, na ugonjwa huo aliuleta yeye." Jibu lake lilikuwa sahihi kwa mujibu wa lugha. Kosa lilikuwa katika swali.

Mitaa na wakazi wake

Kabla ya kuyaangalia maneno yenyewe yafaa tueleze kwa ufupi asili ya mitaa hii. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi walikuwa askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudani, na mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwaruhusu wakae hapo pamoja na jamaa zao. Mwanamume alipata haki ya kukaa kwa sababu ya utumishi wake jeshini, na mwanamke aliipata kwa sababu ya mwanamume. Wanawake wengi wa Kinubi walijitafutia riziki kwa kutengeneza pombe kali iliyojulikana mjini kote kwa jina la Wanubi, ingawa sheria ya kikoloni iliwakataza Waafrika pombe ya namna hiyo. Baada ya Uhuru wapangaji wengi walihamia Kibera, hasa kutoka Nyanza na Magharibi. Hesabu ya watu ya 2009 ilipata wakazi 170,070, idadi iliyo ndogo sana kuliko ile ya watu milioni iliyokuwa ikitajwa mara kwa mara.

Historia ya Kawangware ni tofauti. Jina lake lina neno la Kikikuyu ngware, ambaye ni ndege wa jamii ya kwale. Mtaa huu umo katika Dagoretti, katika ardhi iliyokuwa ya koo za Wakikuyu, nao uliingizwa katika jiji mipaka ilipopanuliwa mwaka 1963. Wenye ardhi walijenga vyumba vya kupangisha, na wapangaji wakaja kutafuta kazi karibu na Lavington, ambako hadi leo wanawake huenda asubuhi kungojea vibarua vya kufua nguo. Wanawake hao ndio waitwao mama fua.

Ijapokuwa mitaa hii ilianza kwa njia mbili tofauti, inalingana katika jambo moja. Nairobi ya kikoloni ilikusudiwa kuwa mji wa wafanyakazi wa kiume. Mwanamume aliitwa mjini kwa kipande na kandarasi, lakini mwanamke alionekana mgeni asiyekuwa na kazi inayotambuliwa. Matokeo ya mpango huo hayajaisha. Ripoti ya shirika la Amnesty International ya mwaka 2010 ilieleza jinsi wanawake wa mitaa minne ya mabanda ya Nairobi, Kibera ikiwamo, walivyoogopa kwenda chooni usiku kwa hofu ya kubakwa, kwa kuwa vyoo vilikuwa mbali na nyumba zao. Mwanamke anayejizuia hadi alfajiri, au anayejisaidia ndani ya mfuko wa plastiki, hupata madhara ya mwili ambayo jirani yake wa kiume hayajui. Hapa jinsia inahusika na afya kabla hata ya neno lolote kutamkwa.

Malaya, watembezi na wazi-wazi

Mfano wa kwanza wa historia ya maneno tunaupata katika kazi ya mwanahistoria Luise White, ambaye kitabu chake kuhusu ukahaba katika Nairobi ya kikoloni kilichapishwa mwaka 1990. White alizungumza na wanawake wazee waliokuwa wameishi mjini kabla ya Vita Kuu ya Pili, wengi wao wakazi wa Pumwani, mashariki ya jiji. Wanawake hao walipambanua aina tatu za kazi. Watembezi walitafuta wateja barabarani. Malaya alikaa chumbani mwake, akampa mgeni chai, maji ya kuoga na mahali pa kulala, akajitunzia heshima mbele ya majirani. Wazi-wazi, walioonekana zaidi kuanzia miaka ya 1930, waliketi mlangoni na kutaja bei yao waziwazi. Baadhi ya wanawake wa mji huo waliweka akiba wakajenga nyumba zao wenyewe, jambo ambalo Janet Bujra alikuwa amekwisha kulieleza mwaka 1975.

Jambo linalotuhusu sisi wanalugha ni kwamba katika midomo ya wanawake wale majina haya matatu yalieleza namna ya kufanya kazi. Hayakuwa matusi matatu. Kila jina lilibeba habari ambazo daktari angezihitaji: mwanamke alikutana na wageni wangapi, alikuwa na muda wa kuwajua au la, aliweza kumkataa mtu au hakuweza. Katika lugha ya serikali na ya umma kwa jumla tofauti hizo zilipotea, likabaki neno moja, malaya, likiwa tusi. Pamoja na tofauti hizo habari zenyewe zilipotea.

Hasara hiyo ilionekana miaka ya 1980. Mgonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Mwaka 1985 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, walianza kuwachunguza wanawake wa Majengo, Pumwani. Utafiti uliotangazwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba miongoni mwa makahaba wa hali ya chini waliopimwa jijini, asilimia 66 walikuwa na virusi. Wengi walizipokea habari hizo kana kwamba wanawake hao ndio chemchemi ya maradhi, na wanaume waliowaendea ndio raia wanaostahili kukingwa. Kwamba mwanamke mwenyewe alikuwa mgonjwa, na kwamba naye aliambukizwa na mtu, lilikuwa wazo la baadaye.

Aliyechangia sana kulibadilisha wazo hilo ni muuguzi, Profesa Elizabeth Ngugi. Badala ya kuwahutubia wanawake wa Majengo, aliwakusanya katika mabaraza, akawasikiliza, na wao wenyewe wakawa walimu wa wenzao. Matumizi ya mipira ya kondomu yaliongezeka sana. Katika miaka iliyofuata ilibainika pia kwamba baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa hata baada ya miaka mingi, nao wakatoa mchango mkubwa katika utafiti wa chanjo duniani. Zahanati za mpango huo zilienea katika sehemu nyingine za jiji, Kawangware ikiwa mojawapo. Watu waliotajwa kwa tusi walikuwa wamegeuka walimu wa sayansi, nayo kamusi ikabaki nyuma yao.

Zinaa ndani ya ndoa

Turudi sasa kwa mama wa Kawangware. Zinaa ni neno la Kiarabu lililoingia katika Kiswahili pamoja na elimu ya dini, na maana yake ni tendo la ngono nje ya ndoa. Katika fikihi neno hili lina mipaka iliyo wazi, wala hatuna ugomvi nalo mahali pake. Lakini wizara za afya za Kenya na Tanzania zililichukua na kuunda istilahi magonjwa ya zinaa ili kutaja kisonono, kaswende na mengineyo yanayoambukizwa kwa ngono. Kwa njia hiyo vijidudu vilitiwa katika fungu la dhambi.

Tuitazame istilahi hiyo mbele ya takwimu. Uchambuzi wa njia za maambukizi ya virusi vya UKIMWI nchini Kenya, uliotolewa mwaka 2009, ulikadiria kwamba asilimia 44.1 ya maambukizi mapya yalitokea baina ya mume na mke au wenzi wa kudumu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2007 ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 8.4 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 64 walikuwa na virusi, na asilimia 5.4 ya wanaume. Kwa hiyo kundi kubwa kuliko yote liliambukizwa pale ambapo, kwa maana halisi ya neno, hapana zinaa kwa upande wa yule aliyeambukizwa. Mwanamke wa ndoa aliyeulizwa kuhusu zinaa alikuwa na njia mbili: akubali kosa asilolifanya, au akatae ugonjwa alio nao. Wengi walichagua ya pili.

Watu walipokosa neno la kuwafaa walijitungia. Wajaluo, ambao ni wengi Kibera, waliuhusisha mwanzoni ugonjwa huu na chira, yaani kudhoofika kunakomfuata aliyevunja mwiko, kisha wakauita ayaki. Vijana wa mjini walisema mtu ana mdudu, au amekanyaga waya. Katika misemo hii miwili ya mwisho mna jambo la kuzingatia. Mdudu humwingia yeyote, na waya huweza kukanyagwa na mtu asiye na hatia. Lugha ya mtaa, pamoja na ukali wake, ilimwachia mgonjwa nafasi ambayo istilahi rasmi ilimnyima.

Hanithi na shoga

Mfano wa tatu unawahusu wanaume. Neno hanithi, lenye asili ya Kiarabu, humtaja mwanamume asiyeweza tendo la ndoa, na vilevile mwanamume anayelala na wanaume wenzake. Mambo haya mawili hayana uhusiano wowote wa kitabibu. La kwanza mara nyingi ni dalili ya kisukari au ya shinikizo la damu. La pili si ugonjwa. Kwa kuwa neno ni moja na ni tusi, mwanamume mwenye kisukari huona aibu kuieleza dalili ambayo pengine ingemwokoa mapema. Yeyote apitaye barabara za Kawangware ataona karatasi za waganga zilizobandikwa nguzoni, zikiahidi kurudisha nguvu za kiume. Waganga hao wamepata wateja, pamoja na sababu nyingine, kwa kuwa wamepata msemo usiotukana.

Neno shoga lina historia ya kusikitisha zaidi. Katika miji ya Pwani shoga ni mwanamke kwa mwanamke mwenziwe aliye rafiki wa dhati, neno la upendo na siri. Huko huko Pwani lilitumiwa pia kwa mwanamume wa kundi maalumu, kama alivyoeleza Gill Shepherd katika uchunguzi wake wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1987, ambamo shoga, basha na msagaji ni watu wenye nafasi zinazojulikana katika jamii, wakisemwa lakini wakikaa na jamaa zao. Neno lilipofika bara maana ya urafiki ilififia ikabaki ya pili, na hiyo ikatumiwa na magazeti na wanasiasa kuwa jina la hatari iliyotoka ng'ambo.

Ni kinaya kwamba kilichotoka ng'ambo ni sheria. Vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu ya Kenya, vinavyotaja kifungo cha miaka 14 na cha miaka 5, vimo katika kanuni iliyoanza kutumika mwaka 1930 chini ya Waingereza, na kabla yake ilitumika kanuni ya Uhindi ya mwaka 1860. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Hata hivyo, tarehe 22 Machi 2018 Mahakama ya Rufani, Mombasa, ilikuwa imeamua kwamba kuwapima washtakiwa maungoni kwa nguvu ili kupata ushahidi ni kinyume cha sheria, na tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watu hawa wasinyimwe haki ya kuandikisha chama.

Athari za mambo haya kwa afya ni dhahiri. Uchambuzi uliotajwa wa mwaka 2009 uliwaweka wanaume wanaolala na wanaume, pamoja na wafungwa, katika asilimia 15.2 ya maambukizi mapya. Mwezi wa Februari 2010 umati ulivamia kituo cha utafiti wa afya huko Mtwapa kwa sababu watu hao walikuwa wakihudumiwa hapo. Tukio hilo ni la Pwani, lakini hofu yake inaeleweka vizuri katika mitaa yetu. Katika zahanati ya mtaani muuguzi huenda akawa jirani, na benchi la kungojea limejaa watu wa ploti moja. Kijana akiulizwa kwa sauti kama yeye ni shoga, atajibu la, atapewa dawa ya ugonjwa mwingine, na ataondoka na ule aliokuja nao.

Wanawake wanaopendana wamesahauliwa zaidi. Jina walilopewa, wasagaji, linataja tendo tu, na kwa kuwa tendo hilo halikuhesabiwa miongoni mwa njia kuu za UKIMWI, mipango mingi ya afya haikuwafikiria. Lakini mwanamke huyo naye huweza kupata saratani ya mlango wa kizazi, huweza kubakwa na mtu anayedai kumrekebisha, huweza kulazimishwa kuolewa, na huweza kushikwa na sonona kwa kuficha maisha yake yote. Mambo hayo hayatajiki kwa jina alilopewa.

Kunajisi na kulawiti

Ubaguzi wa lugha unaonekana pia katika maneno ya ukatili. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inamlinda mtu wa jinsia yoyote. Hata hivyo magazeti na redio zetu husema kwamba mtoto aliyebakwa amenajisiwa. Najisi ni uchafu, na mtu akisikia kauli hiyo hudhani uchafu umebaki kwa mtoto. Mvulana akibakwa husemwa amelawitiwa, neno lililotoka katika kisa cha watu wa Nabii Lut. Kwa neno hilo mvulana aliyeumizwa hutiwa kundi moja na watu wazima waliokubaliana, naye huogopa kwamba akisema yaliyompata atahesabiwa kuwa miongoni mwao.

Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana, na Tume ya Jaji Waki iliandika ushahidi wa kubakwa kwa wanawake na wanaume pia. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba baadhi ya walioumizwa wakati huo wa 2007 na 2008 walipwe fidia. Ilikuwa imepita miaka 12. Dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi huhitaji kutolewa katika saa 72. Mtu anayepoteza siku tatu akitafuta neno la kusema amekwisha kupoteza kinga.

Huntha: neno lililokuwa likingoja

Isidhaniwe kwamba tunailaumu lugha yetu kwa jumla, au kwamba twataka kuleta maneno ya kigeni. Kiswahili kimekuwa na neno huntha, lililotoka katika Kiarabu, kumtaja mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyokuwa ya kiume wala ya kike pekee. Wanazuoni walilitumia bila matusi kwa sababu walihitaji kuamua urithi wake na mahali pake katika sala. Pamoja na hayo, hospitali na ofisi za serikali zilikaa miaka mingi zikimwandika kwa kumlazimisha upande mmoja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Kenya iliwahesabu watu hao kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawatambua watoto wao. Neno lilikuwapo, lililokosekana ni nia ya kulitumia.

Hitimisho

Tumeona njia tatu ambazo maneno yameharibu afya. Njia ya kwanza ni kuunganisha yasiyohusiana, kama katika hanithi na kulawiti. Ya pili ni kutia hukumu ndani ya jina la ugonjwa, kama katika zinaa na najisi. Ya tatu ni kufuta tofauti zenye manufaa, kama ilivyokuwa kwa malaya.

Msomaji anaweza kupinga kwamba neno halijengi choo wala halinunui dawa. Ni kweli. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, baadhi ya zahanati zilizowahudumia watu tuliowataja zilifungwa, na hakuna kamusi ambayo ingelizuia jambo hilo. Lakini kufungwa huko kunalizidisha uzito swali letu. Watu waliokuwa na mahali pao pa pekee wameelekezwa kwenye foleni ya watu wote, na huko wataulizwa maswali yale yale ya zamani, kwa maneno yale yale. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata kiwango cha juu cha afya kinachowezekana. Haki hiyo huanza kwa swali la muuguzi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba idara zetu zisingoje kuletewa fomu za kusahihisha. Yafaa tuanze kukusanya maneno kwa wenyewe, kama Profesa Ngugi alivyofanya barazani, kabla ya kuyatia katika kamusi na miongozo ya wauguzi. Maambukizi ya ngono yataeleweka bila zinaa. Aliyebakwa ataeleweka bila najisi. Swali la Kawangware lilisahihishwa hivyo. Mama yule aliposomewa swali jipya, lililouliza tu kama amewahi kutibiwa kaswende au kisonono, alijibu, "Ndiyo, mara mbili," kisha akauliza kama mumewe naye angeweza kuja kupimwa.